Jinsi ya kumchorea rafiki yako msomi picha ya milima kwa wino wa Kichina

Rafiki yangu amemaliza uzamivu wake hapa Hangzhou na karudi zake Morogoro, na mi nilimchorea picha ndefu ya mto na milima kwa wino mweusi mtupu, akaondoka nayo kwenye begi la mkononi. Toka hapo watu wengi wananiuliza nilifanyaje, mmoja anataka kumchorea mwalimu wake aliyestaafu, mwingine shemeji yake anayefundisha chuo, basi nimeona bora niandike yote kuanzia kununua karatasi mpaka kugonga muhuri. Nimefundishwa na mzee mmoja wa mtaani kwetu, ana miaka sabini na kitu, jioni mbili kwa wiki kwa miaka mitatu, kwa hiyo ninayoyaandika ni yale mkono wangu umeshayapitia.

Kabla ya hatua yoyote: unamchorea nani?

Hapa ndo watu wanaparuka, na ndo pakubwa kuliko pote. Kwa wasomi wa Kichina wa zamani picha ya mlima haikuwa pambo la ukutani, ilikuwa kitu cha karibu na barua, mtu anamchorea mtu anayemjua, kwa sababu anayoijua yeye, na jina la huyo mtu linaandikwa humo humo ndani. Mfano ninaoupenda sana ni wa Zhao Mengfu, mchoraji msomi wa zamani. Alikuwa na rafiki anaitwa Zhou Mi, msomi mkubwa aliyeishi hapa hapa Hangzhou, ila ukoo wao asili yake ni Jinan, mkoa wa Shandong kule kaskazini, na yeye kwao hakuwahi kukutia mguu. Zhao alifanya kazi ya serikali Jinan miaka kadhaa, aliporudi kusini akamsimulia kulivyo, halafu mwishoni mwa 1295 kuingia 1296 akamchorea: mlima Hua umechongoka juu kama pembetatu, mlima Que umejiinamia kama kichuguu, katikati mabwawa, wavuvi, vibanda, na mbuzi. Picha yenyewe sio kubwa, urefu wa kwenda juu sentimita 28.4 na upana 93.2, ina rangi kidogo, na leo iko kwenye Makumbusho ya Taifa ya Kasri kule Taipei. Fikiria mzee wa miaka sitini na kitu anakunjuliwa mezani kwao walikotoka mababu zake na hajawahi kukuona.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote kaa ujiulize, mimi na huyu mtu tunaunganishwa na sehemu gani? Unaweza kumpa kwao anakokukumbuka, au kumpa mahali mlipowahi kuwa pamoja. Mi nilichagua la pili. Tuliwahi kwenda Fuyang, kusini magharibi mwa mji, tukatembea kando ya mto Fuchun kutwa nzima, na yeye kwa kuwa ni mtu wa udongo, utafiti wake wote ni wa udongo, kila baada ya hatua mia anainama anachota anausugua kwenye vidole ananieleza huu una mfinyanzi, huu mchanga umezidi. Nikajua picha ni hiyo. Na mto wenyewe ndo ule ule aliouchora Huang Gongwang, mchoraji mwingine wa zamani, huyo nitamrudia maana nusu ya haya nimeyachukua kwake.

Hatua ya 1: vifaa

Usinunue vingi. Unahitaji karatasi, brashi mbili au tatu, kipande cha wino mkavu, jiwe la kusagia, bakuli mbili za maji, na kitambaa kinene cha sufu cha kutandika chini ya karatasi, ukikosa hata blanketi la zamani linafaa ilimradi lisiwe na mikunjo.

Karatasi inaitwa xuan, asili yake ni wilaya ya Jing mkoani Anhui, inatengenezwa kwa magome ya mti na mabua ya mpunga. Ziko za aina mbili na hapa ndo wengi wanaumia. Karatasi mbichi inanyonya maji hapo hapo, ukigusa tu doa linatambaa, na ile iliyopikwa imepakwa shabu kwa hiyo wino unakaa juu na unapata muda wa kufikiri. Mi nakushauri uchukue ile ya katikati, waambie unataka iliyopikwa nusu, kwa sababu mistari mikavu tutakayochora inataka karatasi isiyo na kiu sana. Shiti ya kawaida ni sentimita 69 kwa 138. Ikate katikati kwa urefu, utapata vipande viwili vya kama sentimita 34 kwa 138, na hicho kimo kinakaribia kabisa kimo cha picha ya Huang ya huo mto Fuchun, ambacho ni sentimita 33. Kipande kimoja cha picha, kimoja cha mazoezi.

Brashi chukua moja ya manyoya ya mbuzi, laini, inashika maji mengi, hiyo ya kupaka ukungu na milima ya mbali, na moja ya manyoya magumu kidogo ya kicheche kwa ajili ya mistari. Brashi mpya inakuja ngumu kama kijiti kwa sababu ya gundi, iloweke kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ilainike yenyewe, usiivunje kwa meno kama nilivyoona watu wakifanya. Ukimaliza kazi ioshe kwa maji matupu, itundike ncha ikiangalia chini.

Wino wa chupa upo na ni rahisi, wa mazoezi sawa. Ila kwa picha ya kumpa mtu nakuomba usage. Ule wa bei ya chini ukija kulowanishwa wakati wa kubandika karatasi ya nyuma unaweza kuvuja ukaharibu kazi ya miezi.

Hatua ya 2: kusaga wino

Kipande cha wino ni masizi, ya msonobari au ya mafuta, yamechanganywa na gundi ya wanyama yakakaushwa. Weka maji kidogo sana kwenye jiwe, kama kijiko cha chai, simamisha kipande wima, zungusha polepole bila kukandamiza. Mara ya kwanza utaona maji yamekuwa kijivu utadhani tayari, bado, endelea tu. Baada ya dakika kumi hivi utaanza kuona kila ukizungusha njia ya wino inabaki nyuma ya kipande kabla ya kujifunga tena, kama unavyokoroga uji ukaanza kushika, na mkono utasikia uzito kidogo, harufu nayo inapanda, harufu ya moshi wa zamani yenye utamu kwa mbali. Hapo ndo tayari. Kifute kipande ukiweke pembeni, ukikiacha kimesimama juu ya jiwe kitaganda na kukibandua utavunja jiwe au wino. Na jiwe lioshe kila siku, wino uliolala haung'ai.

Mwalimu wangu haruhusu mtu kuongea wakati wa kusaga. Mwanzoni niliona ni ukali tu, baadaye nikaelewa, dakika zile ndo unapomuwaza unayemchorea, maana ukishika brashi utakuwa na mambo mengine ya kuwaza.

Halafu chukua sahani nyeupe utengeneze ngazi za wino. Wao husema wino una rangi tano: mkavu mweusi tii, mzito, wa kati, hafifu, na ule ambao ni maji yenye kivuli tu. Picha nzima ni hizo tano. Zijaribu kwenye kipande cha mazoezi mpaka uweze kutoa yoyote bila kubahatisha, na kumbuka wino ukikauka unapauka, kwa hiyo usihukumu ukiwa mbichi.

Hatua ya 3: kutembea na daftari

Huang Gongwang aliwashauri wanafunzi watembee na brashi kwenye mkoba wa ngozi, wakikuta mti wa ajabu mahali pazuri wauchore pale pale wasije wakausahau. Yeye mwenyewe maisha yake yalikuwa marefu na magumu, kazaliwa 1269, akawa karani wa serikali, akafungwa jela, akatoka akawa mtu wa dini ya Dao, na uchoraji aliushika kweli kweli ukubwani. Kwa hiyo ukisema umri umekwenda, hapana.

Nenda mahali penyewe kama unaweza. Usipige picha za simu peke yake, simu inaona kila kitu kwa usawa na wewe hutaki kila kitu. Chora mistari miwili mitatu: ukingo unakunja wapi, mti gani umeinama, mlima wa nyuma unaanzia wapi. Kama ni kwao rafiki yako na huwezi kufika muulize akusimulie, usimwambie kwanini, uone anaanza na kitu gani. Anachokitaja kwanza kiweke mbele.

Hatua ya 4: kupanga

Picha ya mkunjo haionekani yote kwa mara moja. Mtu anaikunjua kutoka kulia kwenda kushoto, kipande cha kiasi cha mikono miwili, anaangalia, anakunja upande wa kulia, anafungua tena kushoto. Kwa hiyo unapanga safari, sio mandhari moja. Mi nilianza kulia na ukingo wa karibu wenye misonobari mitatu, nikapandisha mlima, nikauteremsha mpaka majini, halafu maji matupu muda mrefu, halafu mwishoni kijimlima cha mbali peke yake.

Gawa umbali. Guo Xi, mchoraji wa karne ya 11, alisema kuna mbali za aina tatu: ya kutazama juu ukiwa chini ya mlima, ya kuchungulia nyuma ya milima mpaka ndani, na ya kutazama kwa usawa milima ikipotea. Kwa mto tumia zaidi hiyo ya tatu.

Sasa kitu kikubwa: maji na ukungu havichorwi. Ni karatasi yenyewe. Unachora kingo mbili na katikati maji yanatokea. Ukiona mkono unawasha kutia mawimbi uweke chini. Kwa kipande cha sentimita 138 acha angalau theluthi nzima bila kitu.

Weka alama kidogo kwa mkaa laini, sio penseli, mkaa unapulizwa ukatoka.

Hatua ya 5: kuchora

Anza na miti ya mbele, kwa wino wa kati. Shina kwa mistari miwili isiyolingana, mkono ukitetemeka acha, mti hauna mstari ulionyooka. Matawi yatoke pande zote hata kuja kwako, sio kulia na kushoto tu kama mfupa wa samaki. Halafu mawe chini ya miti, kila jiwe lionekane nyuso zake tatu, juu na pembeni mbili.

Kisha mlima, na hapa nitakaa sana. Muhtasari wa mlima wenyewe mwepesi, wino hafifu, unauvuta kwa ncha ya brashi ukiwa umeisimamisha wima. Mlima unakuja kuwa mlima kwa ile mistari ya ndani inayoonyesha ngozi yake. Ziko aina nyingi. Iko inayofanana na mapigo ya shoka, hiyo ni ya majabali magumu yenye kona. Na iko inayoitwa mistari ya nyuzi za katani, mirefu, laini, inashuka kutoka mgongoni mwa mlima inapishana na kufuatana, hiyo ndo ya milima ya kusini yenye udongo mwingi, na ndo aliyoitumia Huang kwenye picha yake ya Fuchun. Nilipoambiwa hilo jina nilinyamaza kidogo, kwa sababu rafiki yangu ni mtu wa udongo na amekulia karibu na mashamba ya mkonge, ameona tangu utotoni zile nyuzi nyeupe zimeanikwa kwenye kamba upepo unazilaza upande mmoja. Katani ya Wachina ni mmea mwingine, sio mkonge wetu, ila ukitazama nyuzi zilizolala ndo hivyo hivyo. Nikaona hii picha ilikuwa inamngoja yeye.

Namna ya kuvuta: chovya brashi ngumu kwenye wino hafifu, ifute pembeni ya sahani mpaka iwe karibu kavu, anzia juu ya mgongo, vuta kushuka ukilegeza mkono njiani, mstari uishie kwa kupotea sio kwa kukatika. Usivute mmoja ukafuatisha wa pili sambamba kama nyaya za umeme. Upishane na mwenzake, mwingine uwe mfupi, mwingine ujikunje. Mkono wote utembee kuanzia begani, vidole peke yake vinatoa mistari ya woga. Ukimaliza safu ya kwanza acha ikauke kabisa, nenda kanywe chai, rudi na wino wa kati uongezee penye kivuli tu, yaani mabondeni na chini ya miamba, ikauke tena, ndo uje na mzito sehemu chache sana. Ukitazama nakala nzuri ya Fuchun utaona Huang karudia mistari juu ya mistari, sehemu nyingine kabadilisha mawazo na hakuficha. Kwa hiyo ukikosea mstari usikimbilie kutupa karatasi, ongeza mwenzake na usonge mbele. Mi shiti zangu mbili za mwanzo nilizipoteza kwa haraka ya kutia wino mzito kabla safu ya chini haijakauka, mlima mzima ukatoka doa moja.

Milima ya mbali haina mistari, brashi ya mbuzi iliyojaa maji, wino kidogo ncha tu, unapiga mara moja juu kisha unavuta chini kwa maji matupu mpaka ipotee.

Vibanda, mashua na watu vije sasa, na viwe vidogo. Nilitia watu wawili tu ukingoni, mmoja ameinama. Mtu mwingine hawezi kujua ni nini, yeye anajua.

Za mwisho ni nukta, zile za vichaka na majani kwenye migongo ya milima. Wino mzito, brashi wima, unagonga na kuinua. Usizimwage kote. Gonga chache, rudi nyuma hatua tatu, tazama, ongeza.

Usiimalize kwa siku moja. Huang alianza yake 1347, mwaka aliorudi Fuchun pamoja na rafiki yake Zheng Wuyong, naye mtu wa Dao, na kufika 1350 alikuwa bado hajaimaliza kwa sababu aliiacha mlimani akawa anasafiri, mpaka akaamua kuibeba kwenye mizigo awe anaongeza asubuhi na jioni akipata nafasi. Alikuwa na zaidi ya miaka themanini. Yangu ilichukua wiki tisa.

Hatua ya 6: maandishi na muhuri

Picha isiyo na maandishi bado sio ya rafiki yako. Hayo niliyosema ya miaka mitatu minne yametoka kwenye maandishi ya Huang mwenyewe mwishoni mwa picha, na humo anasema pia kwamba Wuyong aliingiwa na wasiwasi wasije watu wakaichukua kwa hila au kwa nguvu, akamwomba aandike kabisa jina mwishoni hata kabla haijaisha, ili wajue jinsi ilivyopatikana kwa taabu. Mi hiyo sehemu inanigusa kila nikiisoma. Na wasiwasi wa Wuyong ulikuwa wa kweli, maana 1650 tajiri mmoja aliyekuwa nayo, Wu Hongyu, alipokaribia kufa akaamuru ichomwe aende nayo, mpwa wake akaichomoa motoni akatupia nyingine, ikawa imekatika vipande viwili. Kipande kidogo cha sentimita 51.4 kiko Makumbusho ya Mkoa wa Zhejiang hapa Hangzhou, kirefu cha sentimita 636.9 kiko Taipei, na 2011 vilikutanishwa kwenye maonyesho kule Taipei. Matobo ya moto yanaonekana mpaka leo, yamejirudia kwa nafasi kwa sababu picha ilipokuwa imekunjwa moto ulitoboa tabaka kadhaa kwa pamoja.

Kwa hiyo andika. Jina lake kwanza na heshima yake, kama ni mwalimu andika mwalimu, kama ni mkubwa wako andika kaka au dada, halafu sababu, mahali, mwaka, ndo jina lako mwisho kabisa, liwe dogo kuliko la kwake. Weka kushoto mwisho, penye karatasi tupu, usiyaweke juu ya maji. Lugha ni yoyote, mi niliandika Kiswahili. Kama unaijua khati ya Kiarabu waliyoandikia mashairi wazee wa Lamu na Mombasa naona inapendeza zaidi, kwa sababu inakwenda kulia kwenda kushoto sawa sawa na mkunjo wenyewe. Fanya mazoezi ya maneno hayo hayo mara ishirini kwenye karatasi nyingine, kwani hapa hakuna kufuta.

Muhuri unachongwa kwenye jiwe laini, herufi zikiwa kinyume kama kwenye kioo. Gongagonga dawa nyekundu ya mihuri kwenye uso wa muhuri mara nyingi taratibu, usiuzamishe, weka daftari chini ya karatasi, kandamiza bila kutikisa, inua wima. Mmoja unatosha.

Hatua ya 7: kubandika, kukunja na kukabidhi

Acha picha ikauke siku kadhaa, halafu ipelekwe kwa fundi wa kubandika, anaiwekea karatasi nyingine nyuma kwa gundi ya ngano, inanyooka makunyanzi yote. Unaweza kujifunza mwenyewe ila usijifunzie kwenye hii. Mwambie unataka mkunjo wa mkononi, sio wa kutundika.

Ukikabidhi mweleze: isikae juani, isikae penye unyevu, mvua zikiisha aifungue kwenye meza safi mikono ikiwa mikavu ipate hewa, asiikaze sana akikunja. Na mwonyeshe kufungua, mkono wa kushoto unaachia, wa kulia unakunja. Wangu alifika kwenye ule ukingo akasimama, akasogeza uso karibu na yule mtu aliyeinama, akaniuliza, "Huu ndo ule uliozidi mchanga?"